Hebu Fungua Mdomo

Mtu akija kwangu kwa muwasho wa miguu, nikamwambia afungue mdomo, hudhani sikumsikia. Na aliyekuja kwa vidonda vya ulimi, nikimwomba avue shati, huuliza kama daktari wa meno yuko likizo. Mzee mmoja mvuvi alinikatiza waziwazi: "Mwanangu, upele uko huku chini, huko juu unatafuta nini?"

Natafuta nusu ya pili ya habari. Ngozi ya nje na ile laini ya ndani ya kinywa ni mwili mmoja unaoendelea, mpaka wake ni midomo tu, na magonjwa mengi hayaujui mpaka huo. Mengine huanzia ndani, miezi kabla hayajatokeza nje. Mengine hujificha nje na ndani yakajianika. Ndiyo maana hakuna anayetoka chumbani kwangu bila kutazamwa kote kuwili, hata foleni iwe imefika getini.

Mimi ni tabibu wa ngozi katika hospitali ya wilaya, mkoa wa Tanga. Si daktari bingwa, ingawa wagonjwa huniita hivyo na nimechoka kuwasahihisha. Nilisomea Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC. Kituo hicho huwachukua matabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kikawafundisha kwa miaka 2 ili warudi huko ambako bingwa wa ngozi hafiki. Vifaa vyangu havijai mkoba: lenzi ya kukuzia, tochi, vijiti vya kukandamizia ulimi, shashi, pamba, glovu. Cha maana kuliko vyote hivyo ni dirisha. Meza yangu nimeisogeza pale kwa makusudi, kwa sababu taa ndefu ya dari hubadili rangi ya ngozi, na katika kazi hii rangi ni nusu ya ushahidi.

Rangi yenyewe lakini ina utata. Vitabu tulivyosomea vilijaa picha za watu weupe, na karibu kila ugonjwa humo ulielezwa kuwa "mwekundu". Damu ikijaa chini ya ngozi nyeusi, wekundu huo huuoni. Unaona zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu. Na wakati mwingine huoni kitu, ila ukigusa kwa mgongo wa kiganja unasikia joto na uvimbe. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa London, Malone Mukwende, akishirikiana na walimu wake wawili, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Mind the Gap, chenye picha za dalili jinsi zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Nilikipakua kwenye simu na hadi leo sijakifuta. Kilichonishangaza ni kwamba kilingoja mpaka 2020.

Hapo kinywa hunisaidia sana. Ndani ya shavu, binadamu wote tunakaribia kufanana: ni pinki, na wekundu ukiwepo unaonekana. Chukua surua. Mtoto mweusi mwenye homa, mafua na macho mekundu, upele wake unaweza kutoonekana vizuri siku ya kwanza, hasa jioni. Lakini siku moja au mbili kabla upele haujatoka, ndani ya mashavu, mkabala na magego, huwa kuna vidoa vidogo vyeupe vilivyokaa juu ya wekundu. Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York, alivieleza mwaka 1896, na vinaitwa kwa jina lake. Ukiviona, huhitaji kungoja upele ndipo umtenge mtoto na wenzake wodini. Ukichelewa, upele ukishakolea, vidoa huwa vimepotea.

Kinywa nacho kina mitego yake. Fizi nyeusi, au zenye mabaka ya kahawia, ni rangi ya kawaida kwa wengi wetu, sawa na rangi ya ngozi. Nimeletewa kijana aliyezisugua kwa chumvi na mkaa hadi zikachubuka, kwa sababu mchumba wake alimwambia zimeoza. Vidoti vyeusi kwenye ncha ya ulimi ni vya kawaida. Vipunje vya njano ndani ya mdomo wa juu ni tezi za mafuta zilizoota mahali ambapo hazina kazi. Ulimi wenye mabaka yanayohama, leo hapa, wiki ijayo kule, mara nyingi hauna tatizo zaidi ya kuwashwa na pilipili. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumwambia mtu kwamba haumwi. Wengine huondoka wamenuna, maana wametoka mbali na hawakuandikiwa dawa.

Kuchunguza kwenyewe kuna utaratibu wa zamani. Daktari Robert Willan wa London, katika kitabu alichokitoa mwaka 1808, alisisitiza kwamba kabla ya kuupa ugonjwa jina, useme kwanza unachokiona: ni baka lililolala sawa na ngozi, ni kipele kilichoinuka, ni lengelenge lenye maji, ni usaha, ni gamba, ni kidonda? Halafu kiko wapi, kimejipanga vipi, kimeanza lini. Mambo ya kitoto, lakini mtu akiruka hatua hiyo, akaona "vipele" na kuandika "fangasi", atakuwa anabahatisha tu.

Nikikuta kitu cheupe mdomoni, naanza na shashi. Naizungushia kidoleni juu ya glovu, nafuta taratibu. Utando ukitoka, ukaacha pahali pekundu panapouma, pengine na damu kidogo, hao ni fangasi wa kinywa. Kwa kichanga si ajabu. Si ajabu pia kwa bibi anayelala na meno ya bandia, wala kwa mwenye pumu anayevuta dawa yenye steroidi bila kusukutua. Lakini kwa kijana wa miaka 30 asiye na sababu hata moja kati ya hizo, shashi ile ndiyo inayoanzisha mazungumzo ya kupima sukari na VVU. Katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, fangasi wa kinywa wasiokwisha kwa mtu anayeishi na VVU humweka katika hatua ya 3 kati ya 4. Nimewahi kumwona mtu aliyekuja kuomba dawa ya kunuka mdomo, akatoka ameanzishiwa dawa za kufubaza virusi, na leo ananipita barabarani kwa pikipiki, mzigo umejaa nyuma.

Cheupe kisichofutika ni habari nyingine. Na hapa lazima nieleze kwa nini kinywani vitu vingi huwa vyeupe. Ndani ya shavu hakuna lile tabaka gumu lililoko kwenye ngozi ya nje. Ugonjwa ukiifanya sehemu hiyo iote tabaka gumu, tabaka hilo hulowa mate saa 24, na likilowa huwa jeupe, sawa na vidole vya mtu aliyefua kutwa. Kwa hiyo weupe haukupi jina la ugonjwa. Jina utalipata kwa umbo la weupe huo na mahali ulipo. Vijituta vyeupe vya wima pembeni mwa ulimi, ambavyo shashi haiviondoi, vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 San Francisco, wakati wa mwanzo wa UKIMWI, navyo huashiria kinga iliyoshuka. Bamba jeupe lisilo na umbo maalumu, kwa mtu anayeweka ugoro mahali palepale kila siku, hunifanya niandike rufaa.

Kuna mama mmoja, muuza samaki, aliyeingia na viganja vimefungwa kanga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii mikono, usiku silali." Sehemu za ndani za vifundo vya mikono zilikuwa na vipele bapa, vyenye kung'aa kidogo, rangi ya zambarau iliyoelekea weusi. Alishapaka dawa za fangasi za kila tyubu iliyoko sokoni. Alipojikuna kwa kucha, vipele vilikuwa vimejipanga mstari kufuata mkwaruzo. Hilo peke yake lilinisogeza karibu na jibu, kwa sababu ni magonjwa machache yanayofuata jeraha namna hiyo. Nikadondosha tone la mafuta juu ya kipele kimoja, nikaweka lenzi. Mafuta huondoa mng'ao, ukaona chini yake: vistari vyeupe vyembamba vinavyopitana. Mfaransa Louis Wickham aliviandika mwaka 1895.

"Mama, fungua mdomo."

"Huko mbona hakuna kitu?"

Alikuwa sahihi kwamba hapakuwa na maumivu. Lakini mashavu yote mawili kwa ndani, kushoto na kulia, yalikuwa na mistari myeupe iliyopitana kama kimia cha mvuvi. Shashi haikuifuta. Ugonjwa huo unaitwa likeni planusi. Hauambukizi, ni kinga ya mwili inayoshambulia tabaka la chini la ngozi yake yenyewe. Nilimuuliza dawa zote anazomeza, kwa sababu zipo za presha zinazoweza kuleta picha inayofanana na hiyo. Dalili za mikononi, nilimwambia, kwa krimu ya steroidi zitatulia, ila zitaacha weusi kwa miezi. Za mdomoni hukaa miaka, na zinataka kutazamwa mara kwa mara hata zisipouma, maana karibu mtu mmoja katika kila mia hupata saratani mahali hapo baada ya miaka mingi. Hilo la mwisho halikumpendeza. Lakini kila anapokuja mnadani hunipitia, anafungua mdomo kabla sijasema.

Ugonjwa unaonichosha zaidi ni wa dawa tunazozimeza bila kuzihesabu kuwa dawa. Mtu ana baka la mviringo, jeusi au zambarau, ukubwa wa sarafu au zaidi, mdomoni, mkononi au sehemu za siri. Linawaka, linaweza kupanda lengelenge, linatulia, linaacha weusi. Baada ya miezi linarudi palepale, si inchi moja kando. Kisha siku nyingine linarudi na mwenzake. Ndoa zimetikiswa na baka hilo, hasa likiwa uumeni, kwani mke huamini ni ugonjwa wa zinaa, na mume huamini amerogwa. Nikiuliza "Umemeza dawa gani?" jibu ni "Sijameza dawa yoyote." Nikiuliza upya, "Ulipoumwa kichwa ulitumia nini? Tumbo je? Malaria?" ndipo zinapotoka: Septrin alizopewa na jirani, SP ya malaria, diklofenaki ya mgongo, vidonge vya mchanganyiko vya mafua. Baka hutokea tena dakika 30 hadi saa kadhaa baada ya kumeza dawa ileile. Hakuna kipimo cha maabara hapa kwetu kinachonipa jibu kuliko mfuko wa plastiki wenye pakiti tupu. Nawaomba ndugu warudi nyumbani wazoe kila karatasi iliyoko dirishani na chini ya godoro.

Baka moja la dawa si hatari kwa maisha. Nitakachosema sasa ni hatari. Wiki moja hadi nne baada ya kuanza dawa mpya, mara nyingi za salfa, za kifafa, alopurinoli ya gauti, au nevirapini iliyotumika sana miaka ya nyuma, mtu anapata homa na maumivu ya koo. Macho yanawasha. Midomo inachubuka na kuganda damu. Ngozi inauma, haiwashi: zingatia tofauti hiyo. Madoa yanayoonekana meusi zaidi katikati yanaungana, na ngozi inaanza kubanduka. Ugonjwa huu madaktari Stevens na Johnson waliuandika mwaka 1922 kutoka kwa watoto wawili wa kiume, Marekani. Siwezi kuutibu hapa. Nasimamisha dawa zote zinazoshukiwa, naweka dripu, nafunika kwa shuka safi, na naita gari. Na mara nyingi vya kwanza kuchubuka ni mdomo au macho, kwa hiyo mtu mwenye upele wa dawa asiye na kidonda mdomoni hunipa nafasi ya kupumua kidogo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao wengi huusikia kwa mara ya kwanza ukiwa umeshawala miezi. Unaitwa pemfigasi. Mgonjwa hupita kwa daktari wa meno, hupewa dawa za kusukutua, huenda akang'olewa jino lisilo na kosa, naye bado anashindwa kula ugali. Sababu ni ya kibaiolojia, na nadhani ni mojawapo ya mambo mazuri kuyafahamu katika fani hii. Seli za ngozi hushikanishwa na protini ziitwazo desmogleini. Iliyo muhimu kinywani ni ya namba 3. Ngozi ya nje ina msaada wa ya namba 1. Mwili unapoanza kutengeneza kingamwili dhidi ya namba 3 peke yake, kinywa huachana, ngozi ya nje hushikilia. Kingamwili za namba 1 zinapoongezeka, ndipo malengelenge yanapotokea kifuani na mgongoni. Na kwa nini mdomoni huoni malengelenge? Kwa sababu tabaka la juu ni jembamba na limelowa, hupasuka ukitafuna tu, ukabaki na michubuko yenye kingo zilizoning'inia. Pale ngozi inapoonekana nzima karibu na lengelenge, nasukuma pembeni kwa kidole gumba. Tabaka la juu likiteleza, hiyo ni dalili ya Nikolsky, Mrusi aliyeieleza karne ya 19. Nikiipata, sisubiri. Kabla ya steroidi kupatikana katikati ya karne ya 20, wengi wa wagonjwa hawa walikufa.

Fangasi wa ngozi nitawapitia haraka, si kwa sababu ni wachache. Mashilingi kwa kawaida hujitambulisha yenyewe: duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamepoa. Shida ni tyubu za dukani zenye dawa tatu ndani yake, mojawapo steroidi kali. Muwasho unakufa, ukingo unafutika, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na mwezi wa pili hakuna duara la kuona. Hapo nakwangua gamba kwa ubavu wa wembe butu, naweka kwenye kioo, natia tone la potasiamu haidroksaidi, nangoja dakika 10 hadi 15, kisha fundi wa maabara anatazama kwenye hadubini. Nyuzi zikionekana, mjadala umekwisha. Nao wanaojipaka mkorogo huja na mchanganyiko wa yote haya, ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa inahesabika, na wengi hukana mpaka niwaonyeshe vifundo vya vidole, ambavyo hubaki vyeusi.

Baka jeupe au jekundu hafifu lisilowasha ni jambo jingine. Wengi watasema utangotango, na mara nyingi ndivyo: lina magamba membamba ukilikwaruza, liko kifuani na mabegani. Lakini nikiona baka limekauka, halina jasho, vinyweleo vimepungua, namwambia mtu afumbe macho. Nasokota pamba mpaka ipate ncha, nagusa ngozi nzima, kisha baka, bila mpangilio, naye aonyeshe kwa kidole nilipogusa. Akiliacha baka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, siulizi tena. Napapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, na ule wa pembeni chini ya goti, nione kama umenenepa. Ukoma bado upo, Tanga ikiwemo, na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali: miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, miezi 12 kwa aliye na zaidi. Wanaonikasirisha ni wale wanaosema ulikwisha zamani.

Nikikuta madoa viganjani na nyayoni, hata yasiyowasha, mkono wangu huenda kwenye tochi moja kwa moja. Kaswende ya hatua ya pili hupenda viganja, nyayo na kinywa, ambamo huacha mabaka ya kijivu yasiyouma. Kipimo cha damu kipo hadi zahanati, na tiba ni sindano ya penisilini.

Yaliyobaki huamuliwa na kinyama, kipande kinachokatwa kikapimwe maabara. Kidonda cha mdomoni cha kawaida, kile cha duara chenye kitako cha njano na kinachouma sana, hupona ndani ya wiki 2. Kilichopita wiki 2 au 3 bila sababu iliyo wazi, hasa pembeni mwa ulimi au chini yake, nakishika kwa kidole. Macho hayatoshi hapa. Kingo zikiwa ngumu, na chini yake pakiwa pagumu, nampeleka mtu apimwe kinyama hata kama hakimuumi. Saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi.

Neno hilo, kinyama, huwafukuza watu. Wanaamini ukigusa saratani kwa kisu inasambaa. Ukweli ni sindano ya ganzi, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, uzi mmoja au miwili, na mtu anakwenda nyumbani kwa miguu yake. Kazi ngumu ni kuchagua mahali pa kukata. Kwa kidonda ninachokihofia, nachukua ukingoni, nipate kipande kibovu na kizima pamoja, si katikati ambako kuna tishu iliyokufa tu. Kwa pemfigasi nachukua kando ya lengelenge jipya. Kipande kinaingia kwenye formalini, si kwenye maji ya chumvi wala spiriti, na kopo linafungwa kwa plasta kabla ya kupanda gari.

Kisha naandika fomu, na hapo ndipo wenzangu wengi huchoka. Daktari wa patholojia atakayeipokea hatamwona mgonjwa. Nikimwandikia "kidonda mdomoni" tu, atanijibu "mchochota usio mahususi", na atakuwa hajakosea. Kwa hiyo naandika umri, kazi, ugoro au tambuu na upande inapowekwa, dawa zote, kidonda kimeanza lini, kiko sehemu gani ya ulimi, kigumu au laini, tezi za shingo, na kile nilichokiona mahali pengine mwilini. Fomu ya serikali ina mistari miwili kwa maelezo yote hayo. Mimi hugeuza karatasi nikaendelea nyuma.